Kamba ya Kisima, Isongole

Kazi yangu ilikuwa kamba.
Ambakisye chini, mimi juu,
kati yetu ndoo ya rangi iliyokwisha rangi.
Mvuto mmoja: pandisha. Miwili: ngoja.
Kila ilipopanda ilileta jana,
kisha juzi,
kisha siku ambazo hakuna aliyezipa jina.

Pima ya kwanza, udongo mweusi, mnono:
mizizi ya viazi, gunzi, kizibo cha soda,
na kijiko ambacho Mama Subilaga alikitambua,
akakifuta kwa kanga, akaingia nacho ndani bila neno.
Pima ya pili, mkaa.
Mtu aliwahi kupika hapa,
au msitu uliwahi kuungua.
Ambakisye hakujali. Mvuto mmoja.

Pima ya tatu ndoo ikaja nyepesi.
Nikadhani ananitania, amenipandishia hewa.
Kumbe mawe, ya kijivu, yamejaa vitundu
kama chapati ya maji iliyoiva upande mmoja.
Nikatupa moja kwenye beseni la vyombo:
likazama, likaghairi, likaelea,
likagonga sufuria.
Watoto wakapiga yowe.
Sauti ikapanda kutoka shimoni, nzito kwa vumbi:
"Hilo povu. Mlima ulichemka,
hakukuwa na mtu wa kufunua kifuniko."

Povu.
Ndilo tunalosugulia visigino Jumamosi jioni
ili kanisani tuonekane watu.

Chini ya povu, majivu,
tabaka juu ya tabaka, mengine membamba kama ukoko.
Rungwe haukulipuka siku moja ukamaliza.
Ulikohoa, ukanyamaza miaka elfu,
nyasi zikaota, zikaamini,
ukakohoa tena.

Siku ya nane sururu ililia.
Niliisikia viganjani, kupitia kamba,
kabla haijafika masikioni.
Jiwe jeusi: zaha iliyotembea, ikachoka, ikaketi.
Ambakisye akaligonga kwa mtaimbo, akasikiliza,
akaligonga tena, kwa adabu sasa,
kama mlango wa mkwe.
"Ugonile?" akaliuliza.
Ndivyo tunavyosalimiana huku: umelala?
Lilikuwa limelala.

Mama Subilaga akakataa kulipa nusu iliyobaki.
"Nilinunua maji, sikununua historia."
Wakazozana hadi ukungu ukashuka;
tukaondoka na madebe mawili ya viazi.
Shimo lilimeza samadi miezi mitatu,
kisha akapanda mgomba,
na mkungu wa kwanza ulidai nguzo mbili.

Mimi sasa nafyatua matofali Uyole,
ya povu lile lile na saruji kidogo.
Ni mepesi, na baridi ya Juni hayaipitishi.
Watu husema milima haikutani.
Asubuhi napakia Rungwe kwa sepetu,
mchana naushusha chini ya Loleza.
Inakutana. Nina risiti.

Mto Kiwira unafanya biashara hiyo hiyo bila leseni.
Pale Daraja la Mungu jiwe lililala juu yake;
mto haukubishana, ulipita chini,
na hadi leo unalilamba tumbo,
punje baada ya punje,
ukiuhamishia mlima Ziwa Nyasa
kwa mafungu madogo kiasi
kwamba hakuna anayelalamika.

Ambakisye tulimzika Kyimo, mwaka wa mvua nyingi.
Nilishuka mwenyewe kuchimba.
Nilipofika kwenye povu nikasimama,
nikachukua moja, nikalitia mfukoni.
Liko dirishani. Halina uzito wa kitu chochote.

Usiku mwingine ardhi hujigeuza kidogo.
Vikombe huongea kabatini, bati hukohoa,
Tupokigwe hunishika mkono gizani.
Mimi nawaza kamba.
Nalala macho wazi, nahesabu:
mvuto mmoja.
Nasubiri wa pili.